Uchambuzi wa kisa: Geji tatu ndani ya Forester, na hakuna inayoonekana kutoka nje

Gari na sababu ya kazi

Gari ni Subaru Forester ya umbo la SG5, injini EJ205 ya lita 2.0 yenye turbo, gia otomatiki, usukani kulia. Linaishi Arusha na linakwenda Moshi mara kwa mara, kilomita kama 80 kila upande, na mwisho wa wiki hupanda Marangu likiwa na abiria watano na mizigo. Mwenye gari tutamwita mwenye gari tu. Gereji na mafundi nao hawatatajwa.

Injini iliyokuja na gari ilinoki. Beringi za konrodi ziliisha, na taa nyekundu ya oili haikuwaka mpaka kelele zilipokuwa zimeshaanza kusikika. Watu wengi huiona hiyo kama ubovu wa taa, kumbe taa ilifanya kazi yake sawasawa. Swichi ya kiwandani ya presha ya oili kwenye injini hizi huwasha taa presha ikishuka hadi karibu bar 0.15. Pampu nzima inatakiwa itoe karibu bar 1 injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na karibu bar 3 kwenye mizunguko 5,000, oili ikiwa na nyuzijoto 80. Kati ya bar 1 na bar 0.15 kuna uwanja mpana ambao injini inaumia na dashibodi iko kimya. Geji ya joto la maji ya kiwandani nayo ina tabia hiyo hiyo: sindano imewekwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, na inapoanza kupanda mambo yameshaharibika.

Injini ya pili ilipofungwa, mwenye gari akataka geji tatu: presha ya oili, joto la maji na presha ya turbo.

Masharti

Yalikuwa matatu, na ndiyo yaliyofanya kazi iwe ngumu. Gari likiegeshwa, mtu anayechungulia dirishani asione kitu cha kumshawishi avunje kioo. Kisitobolewe kipande chochote ambacho hakipatikani kwenye maduka ya spea za mtumba, ili siku ya kuuza gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Na hakuna bomba la oili wala la petroli litakaloingia chumba cha abiria.

Sharti la tatu liliondoa geji zote za kimakanika mara moja. Geji ya oili ya kimakanika huleta bomba jembamba lenye oili ya moto hadi nyuma ya dashibodi. Likipasuka, oili inamwagikia miguu ya dereva. Zikachaguliwa geji za umeme za milimita 52, uso mweusi wa moshi. Zikiwa hazina umeme huoni namba wala sindano, unaona duara jeusi tu. Kwa anayetaka kuficha, uso wa aina hiyo ni nusu ya kazi, na unagharimu kidogo tu zaidi ya uso mweupe.

Sehemu zilizopimwa

Nguzo ya kioo cha mbele ndiyo sehemu ambayo kila fundi huitaja kwanza. Ilikataliwa bila mjadala mrefu. Inaonekana kutoka nje kuliko sehemu yoyote, na kwenye gari la usukani kulia nguzo hiyo ndiyo inayoficha bodaboda anayekuja kutoka kulia kwenye mzunguko. Kuongeza vikombe viwili juu yake ni kununua taarifa za injini kwa kuuza macho ya barabarani.

Nafasi ya redio ni nzuri kwa kuficha. Ukiondoa redio kubwa na kuweka ndogo, unabaki na tundu la upana wa kama sentimita 18 na kimo cha kama sentimita 5.3, linalomeza geji tatu za milimita 52 kwa kubana. Tatizo ni kwamba liko chini. Dereva analazimika kushusha macho, kisha kuyazoesha tena mwanga wa barabarani. Kwenye barabara yenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa, matuta na punda, hilo si jambo dogo.

Kisahani cha majivu kina kifuniko kizuri lakini kina chake ni kifupi. Geji ya milimita 52 pamoja na soketi yake na kona ya waya inataka sentimita 6 hadi 7 nyuma ya uso. Kosa linalofanyika sana ni kupima geji peke yake na kusahau waya unavyopinda.

Kifuniko cha nguzo ya usukani kilivutia kwa sababu usukani wenyewe unakificha. Kipande cha kadibodi kilichokatwa duara la milimita 52 na kubandikwa pale kilionyesha kwamba duara linafunika sehemu ya chini ya dashi, na usukani ukishushwa kwa dereva mfupi geji nzima inapotea. Kadibodi na gundi ya karatasi ni vipimo vya bei rahisi. Kila sehemu ijaribiwe hivyo, dereva akiwa amekaa na mkanda umefungwa, mchana na usiku.

Tundu za swichi tupu upande wa goti la kulia zinapokea vipimo vidogo vya namba. Zilikataliwa kwa presha ya oili: sindano inasomeka kwa pembe yake tu, namba inayorukaruka lazima uisome. Tundu moja lilihifadhiwa kwa kazi nyingine, tutaifikia.

Zikabaki sehemu mbili: kisanduku chenye kifuniko kilicho juu katikati ya dashibodi, na tundu la hewa la mwisho kulia, pembeni ya dereva.

Uamuzi wa kwanza

Geji zote tatu ziliwekwa kwenye kisanduku cha juu. Hoja ilikuwa na mantiki: sehemu iko juu karibu na usawa wa macho, ina kifuniko cha kiwandani, na kisanduku chenyewe hutoka kwa kung'oa klipu bila kutoboa dashibodi. Kilinunuliwa kisanduku cha pili cha mtumba kikakatwa, cha asili kikafungwa kwenye mfuko na kuwekwa stoo. Dereva afunge kifuniko akiegesha, afungue akiendesha.

Kazi upande wa injini

Betri ilitolewa waya wa negativu na gari likaachwa dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote ndani, kwa sababu ya eabegi. Waya za eabegi kwenye magari haya ziko ndani ya mirija ya njano na soketi za njano. Hazikatwi, hazipimwi kwa taa ya fundi, na waya mpya haufungwi juu yake.

Swichi ya oili ya EJ iko chini ya altaneta, na tundu lake lina uzi wa 1/8 BSPT (kipimo cha Kiingereza cha uzi wa mabomba). Hapa ndipo kazi ilipokwama mara ya kwanza. Sensa iliyouzwa pamoja na geji ilikuwa na uzi wa 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani). Kwa macho ni pacha, lakini BSPT ina nyuzi 28 kwa inchi na NPT ina 27, na pembe za meno hazifanani. Ilizunguka mara mbili na nusu ikashika. Fundi wa kwanza alitaka kuongeza spana, mwenzake akamwambia, "Acha bosi, hiyo ni alumini, ukipasua hapo umeua bloku nzima." Waliitoa. Mafundi wengine huizungushia tepu nyeupe nyingi hadi iache kuvuja, na huvuja tena baada ya joto na baridi za wiki chache. Dawa ni kiunganishi cha shaba chenye dume la BSPT upande mmoja na jike la NPT upande wa pili. Kama dukani hakipo, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma anakitengeneza.

Sensa ya presha ni nzito. Ukiifunga moja kwa moja kwenye tii (kiunganishi cha umbo la T) ya shaba inayoning'inia, mtikisiko wa injini unafanya kazi ya msumeno kwenye shingo ya uzi. Ikafungwa tii yenye swichi ya kiwandani upande mmoja, na upande wa pili hozi fupi iliyosukwa kwa chuma hadi kwenye sensa iliyobanwa na klampu pembeni. Taa ya kiwandani ilibaki ikifanya kazi, na hilo lizingatiwe: geji mpya isichukue nafasi ya taa, iongezewe juu yake.

Sensa ya joto la maji iliwekwa kwenye kipande cha alumini kinachokatiza mpira wa juu wa rejeta. Kwenye EJ themostati iko chini, upande maji yanapoingia injini, kwa hiyo mpira wa juu ndio unaobeba maji yanayotoka injini yakiwa na joto kamili. Kipenyo cha mpira kilipimwa kwa kalipa kabla ya kununua kipande. Kikiwa kidogo hata kwa milimita mbili, klampu haitakiokoa.

Presha ya turbo ilichukuliwa kwa mpira mwembamba wa silikoni kutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa hadi kwenye sensa iliyofungwa ndani ya boneti. Kilichopita ukuta wa injini ni waya tu, kupitia mpira wa kiwandani wa kupitishia waya, ukatobolewa kwa msumari na kuzibwa kwa silikoni.

Kazi upande wa ndani

Moto wa geji ulichukuliwa kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ikiwa ON, si ile ya redio. Umeme wa fyuzi ya redio hukatika wakati wa kupiga stata, na geji zinajizima na kuanza upya, ukikosa kuona presha inavyopanda sekunde za kwanza. Hizo ndizo sekunde unazotaka kuziona. Fyuzi ya ampia 3 iliwekwa kwa geji zote.

Waya wa taa za usiku ulileta ubishi. Kwenye magari mengi ya Kijapani, kidhibiti cha mwanga wa dashi kiko upande wa ethi (njia ya negativu inayorudi betri). Ukiunga taa ya geji na ethi ya bodi, itawaka kwa nguvu ile ile hata ukipunguza dashi hadi mwisho. Geji hizi zilikuwa na waya wa kupunguza mwanga ambao huhitaji tu kujua kama taa ndogo zimewashwa, kwa hiyo mwanga wake ulipungua vizuri. Geji rahisi zenye balbu zingehitaji ethi yake ipitie kidhibiti.

Yaliyoharibika baada ya kukabidhi

Kulikuwa na mambo manne, na mawili kati yake hayakuhusu umeme.

Kwanza, geji ya joto la maji haikutoka chini kabisa, na ya oili ilikuwa ikipotea na kurudi. Sensa hizi za waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake. Kipande cha alumini kilikuwa kati ya mipira miwili, hakigusi injini popote. Sensa ya oili ilikuwa mwisho wa hozi, na klampu yake imebana juu ya rangi.

Pili, sindano zote zilisogea taa kubwa zilipowashwa, na zaidi feni ya eisii ilipoingia. Ethi ya geji ilikuwa imeungwa kwenye bolti ya redio, juu ya mabano yaliyopakwa rangi. Mita iliyowekwa kati ya ethi ya geji na negativu ya betri ilionyesha volti 0.3, taa zikiwa zimewashwa. Kwa sensa inayofanya kazi kwa upinzani mdogo, volti 0.3 inatosha kudanganya.

Tatu, jua. Geji zilikuwa zimeshikiliwa ndani ya kisanduku kwa gundi ya moto ya bastola. Gari liliegeshwa Moshi mchana kutwa madirisha yakiwa yamefungwa, na jioni geji mbili zilikuwa zimelala ndani ya kisanduku kama mayai kwenye kiota. Plastiki ya juu ya dashibodi chini ya kioo inapata joto linalolainisha gundi hiyo bila taabu. Tepu ya sponji ya pande mbili ina mwisho huo huo, inachelewa tu.

Nne ndiyo nzito. Dereva hakuwa akifungua kifuniko. Mchana kilipofunguliwa kiliakisi kwenye kioo cha mbele. Usiku taa za geji zikajichora kwenye kioo pia. Na kwa kuwa geji zilikaa ndani ndani, ukingo wa kisanduku ulificha theluthi ya chini ya uso, yaani pale pale ambapo presha ndogo ya oili inasomwa. Geji zilikuwepo, zimefichwa vizuri sana, hata kwa mwenye gari.

Marekebisho

Geji ya presha ya oili ilihamishiwa tundu la hewa la kulia. Tundu la mtumba lilinunuliwa, mapezi yakatolewa, na geji ikafungwa kwa bamba la plastiki ngumu ya ABS na skrubu nne ndogo, pembeni ikizungushiwa kitambaa cha kujibandika ili isilie kwenye matuta. Nafasi ndogo iliachwa kuzunguka geji hewa ipite. Ikazungushwa kidogo ndani ya bamba mpaka presha ya kawaida ya safari ikakaa saa sita juu. Hivyo dereva hasomi namba. Anaona tu kama sindano imesimama wima au imelala.

Joto la maji na turbo zilibaki kwenye kisanduku, zikanyanyuliwa hadi usawa wa ukingo na kuelekezwa kulia kwa dereva. Kila moja ilikazwa kwa bamba na skrubu. Ndani ya kifuniko pakabandikwa kitambaa cheusi kisichong'aa, na maakisi yakaisha.

Kwa kuwa geji ya joto inaweza kuwa chini ya kifuniko, iliongezewa sauti. Taa nyekundu ya milimita 5 na kengele ndogo viliwekwa kwenye lile tundu la swichi tupu, vikiunganishwa na swichi ya presha inayorekebishika iliyofungwa bar 0.6 na sehemu ya onyo ya geji ya joto iliyowekwa nyuzijoto 102. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, kengele inalia. Ndivyo unavyojua kila asubuhi kwamba ni nzima.

Kwa nini 102 na si 110 kama watu wa pwani wanavyoweka? Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzijoto 95. Kinachozuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta. Ukiwa mzima, una nafasi kubwa. Spiringi yake ikichoka, na kwenye magari ya umri huu huchoka, unachemsha ukiwa bado unaona namba unazodhani ni salama.

Ethi: waya wa milimita za mraba 1.5 ulivutwa kutoka geji hadi bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi, na waya tofauti kutoka kila sensa hadi kwenye injini. Mkanda wa ethi kati ya injini na bodi ulifunguliwa, ukasafishwa, ukafungwa. Mita ikashuka chini ya volti 0.05, taa na feni vikiwa vinafanya kazi pamoja.

Matokeo

Kwenye moja ya safari za mwanzo za kurudi kutoka Moshi, sindano ya oili ilianza kudondoka kwenye kona ndefu na wakati wa kufunga breki, kisha kurudi wima. Kengele ililia mara moja kwa nukta. Taa ya kiwandani haikuwaka kabisa. Gari lilisimamishwa, likaachwa dakika chache sehemu tambarare, kijiti kikatolewa: oili ilikuwa chini ya alama ya L. Kati ya L (kiwango cha chini) na F (kujaa) kwenye injini hii ni karibu lita moja. Oili ilipoongezwa, sindano ikatulia. Bomba la kunyonyea lilikuwa linakamata hewa oili inaposogea upande mmoja wa karta (bakuli la oili chini ya injini), na hivyo ndivyo beringi za injini ya kwanza zinavyoelekea kuwa ziliisha.

Geji ya turbo ilileta hofu isiyo na msingi. Mwenye gari aliona utupu wa sailensa ni mdogo kwa karibu bar 0.15 kuliko alivyosoma kwa wenye Forester wa kwingine, akaanza kutafuta mpira unaovuja. Hakuna kilichovuja. Geji hii inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa kiasi hicho.

Kuhusu kuficha: gari likizimwa kuna duara jeusi ndani ya tundu jeusi. Abiria wengi hudhani ni tundu la hewa lililofungwa. Wanaolalamika ni madereva, kwa sababu hewa ya baridi upande wa kulia imepungua.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kununua vipande vya mtumba vya kukata. Kuliondoa woga: fundi alikata bila kutetemeka, na kipande cha kwanza kilipokosewa gharama ilikuwa ndogo. Uso wa moshi nao ulifanya kazi kuliko kifuniko chochote.

Kilichofeli ni kuzichukulia geji tatu kama kitu kimoja. Hazina haraka sawa. Presha ya oili ikipotea una sekunde. Joto likipanda una dakika chache. Turbo ni ya kujifunza gari, unaweza kuiangalia ukitaka. Kwa hiyo ya kwanza lazima iwe machoni hata kama utapoteza tundu la hewa, ya pili inaweza kufichwa ikiwa ina sauti, na ya tatu iende popote panapobaki. Mpangilio huo ungejulikana siku ya kadibodi kama swali lingekuwa dereva ataona nini, badala ya mwizi ataona nini.

Makosa ya ethi hayakuwa ya bahati mbaya. Karatasi ya geji hudhani sensa imefungwa kwenye chuma cha injini. Mara unapoihamishia kwenye hozi au mpira, umeiondolea ethi, na lazima uirudishie kwa waya.

Udhaifu mmoja haujatibiwa. Sensa ya joto iliyo kwenye mpira wa juu inapima maji. Maji yakimwagika, inabaki kwenye mvuke na hewa, na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Dereva ameelekezwa kwamba sindano inayoshuka ghafla akiwa anapanda mlima ni sababu ya kuzima injini sawa na inayopanda. Suluhisho kamili ni sensa ya usawa wa maji kwenye tanki la juu la rejeta, iungwe kwenye kengele ile ile. Nafasi ya waya wake imeachwa kwenye soketi nyuma ya tundu la swichi.